Mafuta ya Papa Kwenye Tairi

Tairi lilipasuka mbele ya msikiti, watu wanatazama, na boti yangu ikalala ubavu kama ng'ombe aliyegoma. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, kwenye pikapu ya jirani inayotuvutia tela. Nyuma walikaa wanawake wawili ninaolima nao mwani, pamoja na mwanangu wa mwisho, ambaye ndiye anayeitunza boti na tela lake tangu baba yake alipofariki.

Sikushuka upesi. Nilitazama baharini kwanza. Maji yalikuwa yametoka mbali, bamvua zuri, na shamba letu liko ng'ambo ya mkondo, pasipofikika kwa miguu. Mvua zilikuwa zimeanza. Mwani ukinyeshewa sana hugeuka mweupe, ukakatika kwenye kamba, ukaenda zake na maji. Wetu ulikuwa umekomaa na ndio tulikuwa tunakwenda kuvuna. Bamvua lile likipita, maji hayatoki tena vya kutosha mpaka lije jingine, na likija jingine tungekuta kamba tupu.

Niliposhuka nikaenda kulishika lile tairi. Ubavu umevimba, laini, mpira unatoka kwa ukucha kama ganda la muhogo uliochemshwa. Na linanuka papa.

"Umelipaka nini hili?"

"Sifa, mama."

Asiyejua, sifa ni mafuta ya maini ya papa. Yananuka mpaka mbwa anakimbia. Kwetu chombo cha mbao hupakwa hayo ili ubao usinywe maji. Boti yangu ni ya fiba, haina haja nayo. Lakini marehemu aliacha debe, na mwanangu akaona ni dhambi likae bure. Kila akitoka baharini analikokota tela nyumbani, anachukua kitambaa, anapaka tairi zake mpaka zing'ae. Nami siku zote nilidhani ile harufu inatoka kwa jirani.

"Kila kinachoingia maji ya chumvi hupakwa sifa," akaniambia mbele za watu, bila haya. "Hata babu alikuwa anapaka."

"Babu yako alipaka mbao. Babu yako alikuwa na tela?"

Akainama kulitazama tairi.

"Kandambili zangu za jikoni huzioni? Nikikamua nazi, mafuta yakizidondokea, zinavimba mpaka kidole hakipiti. Umekula ubwabwa wa jikoni kwangu tangu una meno, hukuona hata hilo?"

Mwenzangu mmoja akasema, "Mwache, dada. Angalau tairi limekufa limenona."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nililiangalia na la pili, nalo limevimba vilevile, linangoja zamu yake tu. La akiba hatuna. Mwanangu alimpa rafiki yake mwenye mkokoteni.

Tukaisukuma boti uani kwa mwenye duka jirani na msikiti, na mchana uleule nikamburuta mwanangu mpaka mjini, Ngamiani, kwa muuza tairi. Njia nzima sikumsemesha. Alinunua maji ya chupa akanipa, nikayashika mkononi mpaka tukafika, sikuyafungua.

Tulipoingia tu dukani, akaliendea tairi la mtumba, pana, lina kashata nene, yale meno ya kukanyagia, utasema limetoka kiwandani jana. Muuzaji naye kijana mwenye maneno.

"Shikamoo bibi. Mwanao ana jicho. Hilo litazika hata gari lenyewe."

"Marahaba. Litembee wapi?"

"Popote, bibi."

Hapo ndipo wanapokosea, wote wawili. Tela la boti halitembei. Linatoka nyumbani kwenda ufukweni, linarudi, basi. Saa zilizobaki limesimama juani, limebeba boti, tairi zimekandamizwa mahali pamoja. Njia haizimalizi hizo tairi. Zinamalizwa na kusimama, jua na chumvi. Sasa kashata nene za nini? Mtu hutazama kisigino cha kiatu ambacho hakivaliwi?

Nikaliinamisha, nikaukunja ubavu kwa viganja. Nyufa nyembamba zikafunguka, ubavu mzima.

"Hiyo ni mikunjo tu, bibi," akasema muuzaji. "Hata wewe unayo na bado unatembea."

"Mimi sibebi boti. Nisomee mwaka lilipotengenezwa, umeandikwa hapo ubavuni."

Akafuta vumbi kwa kidole gumba, akasoma kimoyomoyo, akalirudisha kwenye lundo. Nilikuwa nimeshaona. Tairi lile linamzidi umri mjukuu wangu anayemaliza darasa la saba.

"Nataka jipya," nikamwambia. "Jembamba, la kirikuu, kile kigari cha mizigo, ubavu mgumu. Mawili."

"Ghali hayo, mama," mwanangu akanong'ona.

"Ghali ni ule mwani unaooza sasa hivi tunavyoongea."

Nikamwambia palepale, muuzaji anasikia, kwamba kuanzia siku ile akitoka baharini ataziosha tairi kwa maji ya kisima, atafunika kwa gunia jua lisizione, na tela ataliinua juu ya mawe, magurudumu yaning'inie. Mafuta asiyaguse. Akaitikia, "Sawa, mama," kwa sauti ya mtu anayetaka niishe. Sikuisha mpaka tuko nyumbani.

Kesho yake asubuhi, tairi mpya zikiwa zimefungwa, tuliingiza boti majini. Bamvua lilikuwa limeanza kuvunjika, maji hayatoki tena kama jana. Tulisimama ndani ya maji ya kiunoni, tunapapasa kamba kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kamba za upande wa mkondo zilikuwa nyeupe, ukizishika mwani unabaki mkononi vipandevipande. Nilizifungia mbegu kwa mikono yangu hizo.

"Huu wa huku mzima, mama," akaita. "Tumeokoa mwingi."

"Tumeokoa nusu. Usinihesabie nusu kama ndiyo yote."

Akarudi kwenye kamba. Alikata mwani mpaka maji yakamfika kifuani, akijaza magunia peke yake, na wenzangu wakaniangalia wakingoja nimwambie inatosha. Sikumwambia. Magunia matupu yalikuwa bado mawili, na maji yalikuwa yanajaa.