Habari za Maji Kabla ya Chai

Kwetu, kabla kaya haijahama, mtu hutumwa mbele kutazama malisho na maji. Kazi hiyo tunaiita sahan, na ina sheria yake: ukirudi unaanza na baya, ndipo useme zuri. Anayeleta sahan ya uongo hatumwi tena. Hata akisema mbuzi wake mwenyewe amezaa, watu huenda kuhakikisha.

Sisi tuliacha kuhama zamani. Tuna shamba la ndizi na matikiti kando ya Tana, ukitoka Garissa kwa barabara ya Balambala, pampu moja, na mbuzi ambao bibi yangu mzaa baba, tunayemwita ayeeyo, hamwamini mtu nao. Lakini sahan ayeeyo hakuiacha. Kila asubuhi nilishuka mtoni, nikarudi na habari: maji yamepanda dhiraa moja, kiboko amelala upande wetu, mbuzi wanywe pale kwenye mchanga, pampu isogezwe juu. Chai haikumiminwa mpaka niseme. Nilikuwa mtu mzima asiye na mke wala kazi ya ofisi, lakini hilo nilikuwa nalo, na lilinitosha.

Ndipo binamu yangu akaanza kupiga simu.

Ni mwana wa ami yangu. Ayeeyo alitulea pamoja, na mimi ndiye niliyemfundisha kuogelea, akiwa ameng'ang'ania dumu tupu la mafuta. Alikwenda pwani kuuza nguo katika duka la jamaa, akaona watu wakipanda mawimbi kwa ubao, akaacha nguo. Siku hizi anawafundisha wageni. Simu yake iliingia wakati ule ule wa chai, na ayeeyo aliiweka katikati ya mkeka, sauti juu, nyumba nzima ikasogea.

"Baya ni hili," alikuwa akisema. Alianza na baya, kama sheria inavyotaka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Upepo unatoka baharini, mawimbi yanavunjika ovyo. Maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, yamehamisha mchanga, pale palipokuwa pazuri juzi leo ni kina kitupu. Zuri ni kwamba maji yakianza kupwa saa nne upepo utatulia, tutapata mawimbi ya kiunoni."

Ayeeyo hajawahi kuiona bahari. Lakini aliuliza: mchanga utarudi lini, upepo unaotoka nchi kavu unalifanya nini wimbi, na wimbi likivunjika linakwenda wapi? Kuhusu mto wangu hakuwahi kuuliza swali hata moja. Asubuhi moja nilirudi na habari ya mamba, akainua mkono ningoje, kwa kuwa binamu alikuwa bado kwenye mawimbi ya kiunoni. Nilisimama mlangoni na mamba wangu.

Nilimwonea wivu. Sitatafuta neno lililo laini zaidi. Nilikaa kando ya pampu nikitazama video zake, si kwa kuzipenda bali nikitafuta anapoanguka, nirudishe nyuma nione tena. Nilijifunza bamvua na maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, nikaweka katika simu yangu habari za upepo wa ufuo wake, nipate siku moja ya kumkamata amekosea. Hakukosea.

Alikuja kututembelea wakati wa mvua, ubao wake juu ya basi umefungwa blanketi. Alimletea ayeeyo halua, akaniletea mimi shati, nami shati lenyewe nililitafutia kasoro. Jioni hiyo tulishuka pamoja mtoni. Chini kidogo ya pampu mto unapinda, na ukifurika, maji hupita juu ya fungu la mchanga yakainuka wimbi moja linalosimama pale pale. Nililijua wimbi hilo tangu utoto na sikuwahi kudhani ni kitu. Yeye alilitazama mpaka nikachoka kusimama.

"Huko kwetu unangoja wimbi likufikie," alisema. "Hili limekaa linakungoja wewe."

Huko kwetu, ati. Nilimwambia kwao ni hapa. Akacheka, akanipiga bega.

Kesho yake asubuhi nusu ya majirani walikuwa ukingoni. Ayeeyo aliletewa kiti. Binamu alinivuta kando, akaniuliza kwa Kiswahili, lugha tunayotumia wawili sisi tusipotaka ayeeyo aelewe.

"Haya, bwana sahan. Maji yakoje? Baya kwanza."

Baya lilikuwepo. Siku tatu nyuma, maji yakiwa bado ya chini, niliona gogo la mkuyu limekwama hatua chache mbele ya lile fungu, matawi yaliyovunjika yakielekea juu. Sasa lilikuwa limefunikwa, limebaki mkunjo mdogo juu ya maji. Yeye asingeujua. Bahari yake inahamisha mchanga, haileti miti. Niliwatazama watu wote wale. Hakuna aliyekuja kwa sababu yangu.

"Hakuna baya," nilisema. "Maji iko sawa. Ingia tu."

Alinitazama kidogo. Sahan isiyo na baya haipo, hata mtoto wa kwetu anajua. Kisha akachukua ubao wake.

Alilipanda lile wimbi. Siwezi kusema vinginevyo. Tana nzima ilipita chini yake kwa kasi naye amesimama mahali pamoja, magoti yamekunjwa, na ayeeyo alicheka mkono mdomoni kama msichana. Nikawa namwonea wivu kwa nguvu hata gogo nikalisahau. Halafu akateleza, maji yakamchukua.

Nikaruka. Wengine walikimbia ukingoni wakimtafuta chini zaidi, mimi nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye gogo, kwa kuwa nilijua lilipo. Alikuwa amenasa kwenye matawi, mkono mmoja unaning'inia. Alipotoa kichwa nje ya maji alinikuta tayari nimelishika lile gogo, akaniangalia, na wote wawili tukajua. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Siku hiyo nguo ilikuwa yake, mdudu mimi.

Walituvuta kwa kamba ya pampu. Bega lake lilikuwa limetoka na kifua kimechanika. Ayeeyo hakulia. Alinigeukia mimi.

"Ulimwambia nini?"

Nilifungua mdomo, na sijui mpaka leo nilitaka kusema nini. Binamu alinitangulia, meno yameumana.

"Aliniambia kuna gogo, ayeeyo. Ni mimi sikusikia."

Jirani mmoja, mwalimu, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, watu wakaitikia. Ayeeyo akasema mtu anayeambiwa baya na bado akaingia hana masikio, na asiye na masikio habari zake za maji ni za nini. Binamu aliinamisha kichwa akalipokea. Nami niliacha alipokee.

Alirudi pwani mkono umefungwa. Alipopiga simu, ayeeyo alimsalimu, akauliza bega, na alipoanza kusema habari za upepo akamkatiza kwa dua na kumuaga. Baada ya mara tatu hivi akaacha kupiga asubuhi. Nikarudishiwa mkeka wangu. Sasa nikisema maji yamepanda, ayeeyo anauliza yamepanda kiasi gani, na kwa nini, na watu husogea kusikiliza. Kila nilichokitamani ninacho. Neno moja tu lingemrudishia yeye asubuhi yake. Yeye lake, la kuniokoa mimi, alilisema bega likiwa limetoka, bila kufikiri. Langu nimekaa nalo misimu miwili ya mvua.

Juzi, nikiwa katikati ya habari ya kiboko, ayeeyo aliniuliza kama najua upepo wa huko pwani siku hizi unatoka upande gani. Nilisema sijui. Najua. Ninautazama kila asubuhi. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni mwangu wakati huo huo. Niliichungulia, nikaona ni yeye. Ayeeyo akauliza ni nani. Nikasema ni watu wa mtandao na matangazo yao, nikaiacha mpaka ikanyamaza, nikaendelea na kiboko.