Nilimmwagia Mama Mafuta Sikioni, Kumbe Ni Taya

Nimekosa, tena kwa mtu aliyenizaa. Nimechoka kubeba hili peke yangu, acha niliseme.

Nakaa Uyole, nauza viazi sokoni. Mama alikuja kwangu kutoka Iringa kupumzika. Haikupita wiki, akaanza kushika sikio la kushoto.

"Linavuma, mwanangu. Na nikitafuna linauma zaidi."

Nikitafuna! Alinitamkia kabisa. Mimi nikasikia sikio tu.

Nikaponda kitunguu saumu, nikachemsha na mafuta ya alizeti, nikamlaza ubavu na kumdondoshea sikioni. Siku tatu hivyo hivyo. Siku ya nne nilikuwa nawahi soko, sikungoja yapoe.

"Si ya moto hayo?"

"Mama, tulia bwana, dawa lazima iume."

Alipiga kelele moja tu, akanishika mkono. Jamani!

Sikio likaanza kutoa usaha. Hospitalini daktari akauliza, "Mmeweka kitu humu?"

Nikasema hapana. Mama akaniangalia, kisha naye akasema, "Hatujaweka, daktari." Mama yangu, mtu wa kanisa, akadanganya kwa ajili yangu!

Daktari akambonyeza mbele ya sikio, akamwambia afungue mdomo na kufunga. Pakasikika mlio, ka!

"Bibi, maumivu yalianzia hapa, kwenye kiungo cha taya. Kimepakana na sikio, kikiuma mtu anadhani ni sikio." Mama hana magego ya kulia, miaka yote anatafunia kushoto. "Ila ngoma ya sikio imeungua, imetoboka. Hiyo ndiyo siielewi."

Mimi nilielewa. Nikatazama sakafu.

Taya lilipona kwa vyakula laini na meno ya bandia. Sikio halikurudi kusikia. Kwaya ameacha, anasema hajui wenzake wanaanzia wapi. Nilipiga magoti kumwomba radhi, akasema, "Yameisha, inuka." Hayajaisha! Kila nikimpigia simu huanza kwa kusema, "Ngoja nihamishie sikio zima."

Ndugu zangu, mgonjwa akieleza, mwache amalize. Maumivu ya sikio yana vyanzo vingi, usimwage kitu humo kwa kubahatisha. Na kama umeshamwaga, daktari akiuliza, sema palepale, aibu ni ya dakika moja. Mimi nilishindwa hiyo dakika, na mama akalazimika kunisaidia kudanganya.