Kigingi Nilichokihamisha

Mimi ndiye niliyekihamisha kigingi. Naanza na hilo, mwanangu, usije ukalisikia sokoni limetiwa chumvi. Na usicheke nikikuita mwanangu. Nimekuzidi masharubu haya machache, na ujinga nilioufanya wewe bado hujaufikia.

Mwaka jana serikali ilitaka kupanua njia ya mtaa wetu, hapa nyuma ya Ngome, yapite magari ya reli yanayosukumwa na watu. Wazee wa mtaa wakatembea na wapimaji mlango kwa mlango, hapa sogeza, pale acha, hata vigingi vikapigwa pasipo kugusa baraza ya mtu. Kimoja kilikuwa pembeni mwa chuo chetu cha Kurani. Nikawaza: kikiingia barazani, chuo kitavunjwa, na bakora ya Mwalimu itapumzika. Adhuhuri, watu wakiwa msikitini, nikaking'oa, nikakikita kwenye ufa wa baraza ya chuo.

Kesho yake wapimaji wakafunga kamba kwenye kigingi hicho, wakaivuta hadi mwisho wa njia. Kumbe kamba haikuishia chuoni. Ilikata katikati ya baraza ya jirani, Bi Zuhura, ajuza auzaye mahamri hapo, ambaye hunipa bure lililoungua. Vijana wa sururu wakamwambia asogee.

“Nisogee wapi, wajukuu zangu?” akauliza, sinia mkononi. “Wazee si walisema hapa hapaguswi?”

Mzee wa mtaa akaapa kuwa ndivyo walivyokubaliana. Msimamizi wa wapimaji akamwonyesha kamba. Watu wakamtazama yule mzee kana kwamba amewauza. Hapo nikapenya mbele ya watu.

“Kigingi nimekihamisha mimi,” nikasema.

“Nilijua,” akasema Mwalimu kutoka mlangoni mwa chuo. “Nani mwingine angekosa sala kwa kazi kama hiyo?”

Kigingi kikarudishwa, baraza zikapona. Bakora haikupumzika.

Basi, mwanangu, alama ya njia usiiguse, hata kama haiko mlangoni pako. Ukiona imekosewa, waambie wazee mchana, mbele za watu. Njia si ya nyumba moja. Ukiisogeza kwako, imesogea na kwa jirani. Mungu akujaalie mtaa wenye nafasi ya kupita na ya kukaa.

Jioni ile nilingoja mama anifokee. Akanipa hamri la moto, akasema:

“Kula umesimama, najua kukaa huwezi. Hili kakuletea Bi Zuhura. Asema leo hakukupa lililoungua.”