Babu Aliyevumbua Koroboi

Harufu ya mafuta ya taa ikinipitia puani, popote nilipo nasimama. Vijana wangu wa kazi hucheka. Leo nina karakana Kihonda na mafundi sita chini yangu, na shule niliishia darasa la nne. Hilo nalisema bila aibu. Wenye vyeti wengi ndio wanaokuja kwangu kuomba kazi. Lakini harufu ile hunirudisha Kinole, milimani, uani kwa bibi, siku tulipomzika babu Kobelo, baba yake mama.

Babu alikuwa fundi makopo. Koroboi ikivuja au sufuria ikitoboka, yeye ndiye aliyeziba. Sasa matangani akasimama mtani wetu, Mzee Sefu, Mzigua. Mtani msibani mnamjua: anaweza hata kuvaa kanzu ya marehemu na kumsema atakavyo, na mfiwa haruhusiwi kukasirika wala kubisha. Akatangaza kwamba sisi Waluguru wote tulikuwa tukila gizani na kutiana matonge masikioni, mpaka Kobelo akavumbua koroboi. Wazungu wakaja wakaiiba, wakaenda nayo kwao. Watu walicheka huku machozi yanawatoka.

Miezi michache baadaye nikayasikia maneno yaleyale gulioni, ila sasa hakuna aliyecheka. Mtu wa Matombo akaongeza kwamba babu aliwahi kufungwa kwa kukataa kutoa siri yake. Nikaanza kunusa uongo. Bibi alikuwa na koroboi kuukuu, na alishatuambia mara nyingi kwamba alipewa na mama yake siku ya harusi, kabla babu hajajua hata kushika nyundo. Sasa huyo babu aliivumbua lini?

Habari ikamfikia mwalimu wetu, mgeni kutoka Bukoba, naye akalileta darasa zima uani kwetu ili asikie kwa bibi mwenyewe. Nikakaa mbele kabisa. Bibi alikuwa mtu wa swala tano, hatukuwahi kumkamata na uongo. Akikubali, amedanganya, akikataa, babu anageuka kichekesho cha shule. Nilitaka kuona atatokaje hapo.

Mwalimu akaamkia, akauliza kama kweli marehemu ndiye aliyevumbua koroboi.

“Mtani akishasema msibani, mwanangu,” bibi akajibu taratibu, “mjane atabisha nini?”

Mwalimu hakuijua mila yetu, akaandika kwamba ni kweli. Mimi nikanyoosha kidole kana kwamba tuko darasani.

“Na ile koroboi uliyopewa na mama yako, bibi?”

Bibi aliniangalia sana, kisha akanituma maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Jioni alinikuta jikoni. Hakunichapa. Alikaa akachambua mchicha wake, kisha akasema, “Babu yako maisha yake yote aliziba vitu vya watu. Kitu kikishaacha kuvuja, mjukuu wangu, nani anamkumbuka aliyeziba?”

Nilimwona mwongo tu, kama Mzee Sefu, kama yule wa Matombo. Nimekuja kuwa mtu mzima, tena mwenye kupenda kusifiwa, ndipo nikajua kuna mmoja nilisahau kumshuku siku ile. Ukweli nilikuwa nao kabla darasa halijafika. Sikuwa nikiuliza ili nijue. Nilitaka wenzangu waseme nina akili, na kwa sifa hiyo nilikuwa tayari kumpokonya bibi jina la mumewe, kitu pekee alichoachiwa, yeye akiwa amekaa palepale ananitazama.