Mkwaju wa Mama Mkwe na Fundi wa Pikipiki

Mimi ni fundi wa pikipiki pale Matiliku, Makueni, na kazi hiyo imenipa tabia moja mbaya: siwezi kuona kitu kinachougua nikakiacha kipite. Redio, kufuli, mguu wa kiti, tumbo la ng'ombe wa jirani, vyote nimeshavitia mkono. Vingine vilipona kabla sijavimaliza. Basi mke wangu aliponiambia kwamba mkwaju wa kwao Matinyani umeanza kukauka, sikuuliza kama kuna mtu anayeijua miti. Niliuliza kama kuna ngazi.

Mkwaju huo mama mkwe aliupanda wiki ile aliyomzaa mke wangu, mtoto wake wa kwanza. Uko hatua chache kutoka jikoni kwake, na uji wa nyumba ile haujawahi kukosa ukwaju. Sasa upande mmoja ulikuwa umenyauka, na tawi nene lilikuwa limelala juu ya paa la jiko. Jirani mmoja mchoma makaa alikuwa ameshauzunguka mara mbili akiupima kwa macho. Mama mkwe alitoa neno: upande ule usipotoa majani mvua ikija, mti ukatwe kabla haujaua mtu. Alilisema, akaingia ndani, na siku hiyo hakula chakula cha mchana. Mke wangu aliponisimulia hayo alikuwa akikunja shuka ileile kwa mara ya tatu.

Hapo niliapa kwamba mti huo hautakatwa nikiwa hai. Nilikuwa na haja yangu pia. Miaka yote hiyo ya ndoa, mama mkwe hajawahi kuniona nikifanya jambo la maana, kwa sababu hajawahi kuniona kabisa.

Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya aibu baina ya mtu na mama mkwe wake. Wengi siku hizi wameilegeza, wanakaa meza moja na kupiga picha pamoja. Mama mkwe wangu hakulegeza hata uzi. Nikiingia uani anaingia jikoni. Tukikutana njiani yeye anaingia kwenye mahindi upande huu, mimi kwenye mbaazi upande ule, na tunasalimiana tukiwa tumepeana migongo. Lakini simu ilipokuja aliamua kwamba simu haina uso. Kwenye simu huyo mama ni mcheshi ajabu. Ananipigia kila Jumapili, ananitania kuhusu chama changu cha siasa, ananiuliza kama bado nanenepa. Halafu nikienda kumtembelea anajificha nyuma ya ghala.

Basi nikaenda, nikaukagua mti jinsi ninavyokagua injini. Niliugonga kwa spana. Upande mzima ulitoa sauti nene, upande mkavu ukatoa sauti ya debe tupu. Nikasema hiyo ni hewa, imeingia hewa. Chini kwenye mizizi palikuwa na uyoga umepangana kama visahani. Nikafurahi, maana penye uyoga pana rutuba. Kwenye shina, usawa wa kiuno changu, palikuwa na uvimbe umelizunguka shina lote kama mkanda. Hapo nilitoka nje ya lango, nikampigia mama mkwe aliyekuwa jikoni, nikamwambia asiwe na wasiwasi, mti una kitambi, na mgonjwa hana kitambi.

"Haya, muthoni," alisema, kwa lile jina tunaloitana wakwe. "Wewe ndiye fundi."

Kila fundi wa pikipiki anaijua dawa yangu. Nilimwaga oili chafu galoni nzima kuzunguka shina ili kuua mchwa. Nikapaka chokaa kutoka chini mpaka juu ya kitambi, ili mti uonekane unatunzwa. Nikarundika samadi mpaka ikaufika magotini, kama mti una magoti. Nilipomaliza ulikuwa umependeza kama mlingoti wa ofisi ya chifu, na nilirudi Matiliku nikiimba.

Baada ya mwezi upande mzima nao ukaanza kupukutisha majani.

Mke wangu hakugomba. Angegomba ningejitetea. Aliniambia tu, "Labda tutafute mtu wa miti. Kuna mama mmoja alifanya hiyo kazi kule Kiboko kwa shamba la utafiti, saa hii amestaafu." Nikamwambia tatizo ni lile tawi moja, ndilo linalokula nguvu za mengine, nipe Jumamosi moja na msumeno. Halafu akasema sawa, lakini yeye pia atakuja, na atakuja na leso za kufungia vidonda.

Jumamosi hiyo mama mkwe alikuwa sokoni, kwa hiyo nilipanda kwa raha zangu. Nilikuwa nimefika kwenye panda ya juu, nimekaa vizuri, msumeno mkononi, nilipoona lango likifunguka. Alirudi mapema. Alipita, akatua kikapu, akavuta kigoda na kuketi chini ya mti, upande wenye kivuli kilichobaki, akaanza kumenya mbaazi.

Mimi nilikuwa juu ya kichwa chake hasa. Fikiria mkwe mtu mzima, kaptura, miguu wazi, juu ya mama mkwe wa nthoni. Hata kama mwenyewe haangalii, hilo ni jambo la kuitiwa wazee. Sikuweza kushuka wala kukohoa. Siafu mmoja alinipata nyuma ya goti, na nilimwacha afanye kazi yake. Mke wangu alitokea mlangoni, akatuona sote wawili, mmoja juu mmoja chini, akarudi ndani upesi. Nilimsikia akicheka, uso kwenye mto wa kulalia.

Sijui ilikuwa nusu saa au zaidi. Mama mkwe alifuta mikono, akatoa simu kwenye leso, akabonyeza. Mfukoni mwangu, katikati ya majani, simu yangu ikalia. Mlio wangu ni tarumbeta.

Hakuinua kichwa. Mimi nikapokea, maana ningefanyaje?

"Muthoni, habari ya huko?"

"Nzuri, Mama."

"Uko wapi siku ya leo?"

"Niko... niko juu kidogo."

"Aaa. Huko juu kuna upepo?"

"Upo kidogo, Mama."

"Vizuri." Akamenya mbaazi mbili. Sauti yake niliisikia mara mbili, kwenye sikio na kutoka chini. "Sasa mimi nataka kugeuka niangalie upande wa Kitui mjini. Nitaangalia huko mpaka hizi mbaazi ziishe. Zimebaki kidogo. Shuka."

Alikigeuza kigoda. Nilishuka kwa haraka isiyo ya umri wangu. Karibu na chini mguu wangu uliteleza kwenye ile chokaa yangu mwenyewe, nikaimalizia safari ndani ya samadi yangu mwenyewe, iliyolowa oili yangu mwenyewe. Mama mkwe aliendelea kuangalia Kitui. Mabega yake tu ndiyo yaliyokuwa yakitikisika.

Nilipokuwa ninanawa, nilimwambia mke wangu ampigie yule mama wa Kiboko.

Alikuja wiki iliyofuata, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na kofia ya jua, hana haraka. Aliuzunguka mti bila kuugusa. Kisha akauliza, "Hii oili ni ya nani?" Nikasema ni yangu. "Na hii mbolea?" Yangu. "Na chokaa?" Nikatazama buti zake. Aliandika kitu kwenye kijitabu, na hadi leo nina hakika lilikuwa tusi.

Alinieleza taratibu, jinsi mimi ninavyomweleza mwenye pikipiki mjinga. Mti unaokauka upande mmoja tu unaonyesha mahali palipoziba. Uyoga kwenye mizizi maana yake kuna kitu kinaoza ndani. Sauti ya debe ni debe kweli. Tawi nene likilalia nyumba, unamtafuta mtu wa kazi hiyo siku hiyohiyo, hupandi na kaptura. Kila kitu nilichokiona nilikuwa nimekiona sawasawa, nikakisoma kinyume.

Halafu akapiga magoti mbele ya kile kitambi. Alikwangua chokaa, akafuata mkunjo wa ganda kwa ncha ya kisu, polepole, akasimama.

"Huu mti haunenepi," alisema. "Umenyongwa. Kuna waya humu."

Alinionyesha. Ndani ya ganda, uliomezwa karibu wote, ulikuwa waya wa kutu, umezungushwa mara mbili na kusokotwa kwa koleo mara saba, ncha ikakunjwa ndani isimchome mtu. Ninaujua msokoto huo. Katika Makueni nzima hakuna mwingine anayesokota hivyo.

Nilikumbuka yote kwa mara moja. Siku niliyopeleka mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao bila wao hakuna ndoa kwetu, mmoja wao alikuwa na kichwa kigumu. Alitafuna kamba ya kwanza akaingia kwenye mboga za watu, akatafuna ya pili akamfuata mzee mmoja mpaka chooni. Mimi, bwana harusi, fundi, nikatoa waya kwenye pikipiki na kumfunga kwenye mkwaju mbele ya wageni wote. Nilipigiwa makofi. Mbuzi alifunguliwa jioni, na waya haukukumbukwa na mtu.

Nilijisikia vibaya hata nikakaa chini. Mti uliopandwa kwa ajili ya mke wangu, mimi ndiye niliyekuwa nikiunyonga tangu siku niliyokuja kumwomba.

Simu yangu ikalia. Mama mkwe alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, nililiona pindo la leso yake.

"Hiyo waya mimi nilikuwa naiona," alisema. "Kila mwaka naiona ikiingia ndani."

"Mama, mbona hukuikata?"

"Ningekata aje? Hiyo ni ya ntheo. Wewe ndiye ulifunga. Mtoto wangu ndio alikuwa ameenda tu, nikasema nikiikata, ndoa ikatike, arudi?" Akalivuta lile pindo la leso. "Na kukwambia sasa, nitakwambiaje? Ni kama nakudai uje unifungulie mbuzi. Nikaona afadhali mti."

Afadhali mti. Mti wa mtoto wake, uji wake, kivuli chake. Na mimi nilidhani hajawahi kuniona nikifanya jambo la maana.

Mama wa Kiboko alinipa koleo. Alisema tukate mahali palipo wazi tu, vipande vilivyomezwa viachwe, tukivivuta tutauchuna mti. Tawi la juu ya jiko atalishusha mwenyewe kwa kamba, na oili na samadi nitaziondoa mimi kwa mikono yangu. Kuhusu kupona hakuahidi kitu.

Niliuweka mdomo wa koleo kwenye waya. Mke wangu alisimama karibu yangu, simu bado ilikuwa sikioni mwangu.

"Mama, nikate?"

"Kata, muthoni," alisema nyuma ya ukuta. "Nimewaangalia miaka yote hii. Hata bila waya harudi huyu."

Nikakata.