Paka wangu alikonda kiangazi, nikadai talaka

Marahaba wakuu. Naanza kuitikia kabisa, maana najua humu wengi wenu ni wajukuu zangu.

Nimepita themanini na tano, simu nimenunuliwa juzi tu, na haya ninayoyaandika siyo chai, siyo ya kutunga. Yalinikuta mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza. Nilikuwa naishi Kisarawe, mke mkubwa wa Salumu, muuza samaki. Mke mdogo, Mwajuma, alikuwa Kongowe ya Kibaha, siyo ile ya Dar, msichanganye. Zamu zilikuwa za wiki: wiki kwangu, wiki kwake.

Nilikuwa na wivu wa kuumwa. Salumu akirudi kutoka Kongowe, nilikuwa nanusa kanzu yake kabla sijampokea mzigo.

Sasa, nilikuwa na paka, jike, mnene. Salumu akija zamu analeta vibua, sisi tunakula minofu, paka anapata vichwa.

Kiangazi kimoja, lile joto la kabla ya masika, paka akaanza kukonda. Mbavu zikahesabika.

Nikawaza kiwivu: paka amekonda, basi vichwa vimepungua. Vichwa vimepungua, basi samaki wamehamia Kongowe, na huko kuna paka ananenepa kwa jasho la mume wangu.

Msicheke. Hiyo ndiyo ilikuwa evidence yangu.

Salumu alipoingia tu na baiskeli, nikamweka paka miguuni pake. "Mtazame huyu. Halafu nipe talaka yangu."

Mume wangu hakuwa na maneno mengi. Akashusha tenga, akasema, "Nenda kamwone kwanza paka wa mwenzio. Ukirudi bado unaitaka, nitakuandikia."

Nikaenda. Lori la mkaa mpaka barabara ya Morogoro, kisha miguu, jua la utosi. Njia nzima napanga matusi.

Nilimkuta Mwajuma uani. Hatukuwa tumewahi kuonana. Nilipojitaja tu, akapiga goti: "Shikamoo dada." Heshima ile iliniudhi kuliko tusi.

Sikuzunguka. Nikamwambia nimekuja kumwona paka wake.

Akanionyesha chini ya mtungi. Paka amejilaza kwenye mchanga wenye majimaji, amekonda kuliko wangu. Pembeni yake kichwa cha kibua kimejaa sisimizi, hajakigusa.

"Joto hili hawali, dada," akasema. "Mvua zikinyesha anarudisha mwili. Kila mwaka ndivyo."

Nilifurahi, sitawaficha. Nilifurahi kama dakika moja hivi.

Halafu akainuka kunichotea maji, kanga ikambana, nikaliona tumbo. Miezi sita hivi.

Wakuu, mimi nilikuwa na miaka minne kwenye ndoa ile, na sikuwahi kupata hata dalili.

Nilimwonea wivu mpaka maji aliyonipa yakanimwagikia. Yeye akadhani ni uchovu wa safari, akanifuta kwa upindo wa kanga yake.

Nyumbani Salumu akaniuliza, "Umemwona?" Nikajibu nimemwona, amekonda. La tumbo hakulitaja, nami sikulitaja.

Masika yalipoanza paka wangu akala mpaka akarudi unene wake. Kongowe nako akazaliwa mtoto wa kiume.

Funzo ni hili. Paka akikonda kwenye joto, mpe maji na kivuli, chakula mpe jioni kukipoa. Mvua zikija bado amekonda, ndiyo utafute daktari wa mifugo. Ila usimfanye shahidi wa ndoa yako.

Mtaniuliza kwa nini sikuichukua ile talaka. Wengine walinisifu kwa subira, nikanyamaza wanisifu. Ukweli ni kwamba nilikaa kwa wivu. Ningeondoka, Mwajuma angebaki na mtoto na mume pia.

Wenye uke wenza humu, ninyi mlikaa kwa sababu gani? Andikeni ukweli, mimi nimeshaandika wangu.