Anayebonyeza Ndiye Atakayetoa Mpunga

Nimefanya kazi katika miji mingi iliyo kwenye njia ya zamani ya misafara, kuanzia Manyoni hadi Ujiji, na katika kila mji nilikaa mpaka miguu ilipoanza kuwasha. Tabora nimerudi zaidi ya mara moja. Safari ya mwisho nilifikia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, karibu na reli. Kazi yangu ilikuwa kupima magunia na kuyashona midomo. Hata leo nikipita mahali nikasikia harufu ya pumba za moto, nasimama kidogo.

Tulikuwa watu wanne. Fundi aliyeendesha mashine alikuwa mzaliwa wa mjini, mtu wa kanzu siku ya Ijumaa na utani siku zote. Mpakiaji, bwana mmoja mnene wa Goweko, alimimina mpunga kwenye mdomo wa mashine. Upande wa nyuma, penye mkanda, mwanamke mmoja alifagia na kukusanya pumba. Sote tulimwita dada, hata fundi aliyemzidi umri kwa mbali.

Mtu aliyekuja kuifunga mashine hiyo alituonyesha kitufe kikubwa chekundu kwenye nguzo. Ukikibonyeza kinazama na kubaki chini, na mashine inakata moto. Haiwaki tena mpaka ukizungushe kitoke, kisha ubonyeze kile cha kijani. Alisisitiza kwamba ni cha hatari tu, si cha kuzimia mashine mnapokwenda kula. Hilo tulilishika vizuri, tena vizuri kupita kiasi.

Shida ilikuwa mpunga. Mashine ikizimwa ghafla tumbo likiwa limejaa, mpunga hukwama humo. Inabidi mtu apige magoti, afungue mlango mdogo wa chini na kuutoa kwa kikopo na vidole, huku wateja wamekaa juu ya magunia yao wakilalamika. Mtu wa kwanza kukibonyeza alikuwa mpakiaji, siku alipoona kipande cha kamba kikiingia na mpunga. Hakukosea. Lakini fundi alimwachia kazi yote ya kuutoa, akamwita Bwana Breki wiki nzima, nasi tukacheka. Kuanzia hapo ikawa kanuni ambayo hakuna aliyeiandika: anayebonyeza ndiye atakayetoa mpunga. Tukawa tunaipitia mbali ile nguzo kana kwamba ina nyuki.

Asubuhi moja ya msimu wa mavuno, mkanda ulilegea. Fundi akafungua kava lake ili aukaze, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, hakulirudisha. Aliliegemeza ukutani, akawasha. Dada akaingia nyuma na ufagio wake, kanga ameifunga kiunoni juu ya gauni, kwa lile fundo la kazi lisilofunguka kwa kuvutwa. Pindo likanaswa na mkanda.

Hakupiga kelele. Nilisikia ufagio ukigonga bati, kisha nikamsikia akimwita fundi. Alikuwa amekita mkono mmoja kwenye fremu akijisukuma nyuma, na mkanda unamvuta kuelekea kwenye puli, lile gurudumu linalouzungusha. Mkono wa pili ulikuwa umeshazungushiwa kanga.

Mpakiaji ndiye aliyekuwa karibu na nguzo. Mkono wake ulinyanyuka. Akautazama mdomo wa mashine, alikokuwa amemimina gunia zima muda huohuo, kisha akageuka akamwambia fundi azime. Fundi alikuwa ameshaanza kuruka magunia kuifuata swichi kubwa ya ukutani, upande wa pili wa banda. Mimi nilikuwa bado nalisukuma gunia lishuke kwenye mizani.

Aliyekibonyeza ni mteja, mama wa makamo kutoka Igunga aliyekuwa akilinda zamu yake pale kwenye nguzo. Alikipiga kwa kiganja kizima. Baadaye alitueleza kwamba kwenye mashine ya maji kijijini kwao kipo kama hicho. Kanuni yetu hakuwa ameisikia.

Mashine ikaguna, ikasimama. Ule mpunga tuliouogopa ndio ulioikwamisha haraka.

Fundi akarudi mbio, na bila kufikiri mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kitufe ili akizungushe. Dada, shavu likiwa limebanwa kwenye bati, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Fundi, usikiguse. Bado nimo."

Fundi akaurudisha mkono kama aliyeungua. Akaenda kuishusha swichi kubwa, akamwambia mpakiaji asimame mbele ya swichi hiyo na asimruhusu mtu kuigusa. Nikaikata kanga kwa kisu changu cha nyuzi. Ngozi ya mkono ilikuwa imechubuka kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo. Dada alivikunja vidole polepole, akavikunjua. Vyote vilitii. Tukamtafutia bodaboda ya kumpeleka hospitali.

Alipoondoka, mpakiaji alijaribu kuchangamsha banda. "Mayu," alimwambia yule mama, kwa heshima ya Kinyamwezi, "sheria ya hapa, anayebonyeza anautoa mpunga."

"Lete kikopo," akajibu mama. "Na ule mkono ungekatika, nani angeutoa humo?"

Kikopo alikichukua fundi. Alilifunga kava kwanza, kisha akapiga magoti.

Dada alirudi mkono ukiwa bado na bendeji. Safari hii alivaa suruali na shati, bila kanga. Fundi alimweleza kwamba ile kanuni imekufa, kwamba kuanzia sasa kila asubuhi tutakijaribu kitufe kabla ya kumimina mpunga. Dada alisikiliza, lakini hakuingia nyuma.

"Washa," akasema.

Fundi akawasha. Dada akaenda kwenye nguzo, akakibonyeza kwa mkono mzima. Mashine ikazimika. Akamtaka fundi abonyeze cha kijani wakati chekundu kiko chini. Fundi akabonyeza, mashine haikuwaka. Akamtaka akizungushe kitoke, awashe tena, naye akakibonyeza tena. Wateja wakaanza kunung'unika kwamba jua linapanda. Mpakiaji akawaambia wasubiri.

Dada alipita nyuma, akalitikisa kava kwa vidole kuona kama limeshika, ndipo akaokota ufagio.